Washirika wetu wako wapi? Hotuba kwa vijana na wazee wa ushirika kuhusu kuenea kwa Wamoravian

Bwana Yesu asifiwe!

Mchungaji wetu, mama mchungaji, wazee wa kanisa, wainjilisti, akina mama wa idara, wanakwaya, na ninyi vijana ambao swali lenu ndilo lililotukutanisha: nawashukuru kwa kunialika. Mmetaka kujua Wamoravian tuko wangapi duniani na tunapatikana wapi. Nitajibu, na naomba mniruhusu niseme mapema ninakoelekea. Kanisa letu ni dogo sana ukililinganisha na makanisa mengine ya Kiprotestanti, lakini limetawanyika kutoka kwenye barafu za Labrador hadi nyanda za Unyamwezi. Na karibu kila lilipofika, lilifika na mtu aliyehama: mkimbizi, fundi, mtu aliyeuzwa utumwani, kibarua wa mgodini, mwanamke aliyeolewa mbali na kwao. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba ushirika usiofuatilia nani ameondoka na nani ameingia unaifunga njia ileile ambayo Mungu ameitumia kutueneza.

Tuanze na hesabu yenyewe. Wamoravian wote duniani ni zaidi kidogo ya milioni moja. Ili mwone udogo huo, ndugu zetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) peke yao wana mamilioni kadhaa ya washirika. Kanisa hilo moja la Tanzania linatosha kutumeza sisi wa dunia nzima! Lakini sasa tazameni hiyo milioni yetu ilivyogawanyika. Nusu yake au zaidi iko Tanzania. Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden, Uswisi na nchi jirani, ambako kanisa hili lilifufukia, ni jimbo moja tu lenye washirika wasiofika elfu ishirini. Uingereza hawafiki elfu mbili. Marekani na Kanada, ukiyaunganisha majimbo ya Kaskazini na Kusini, hawafiki elfu hamsini. Waliobaki kwa wingi wako Afrika Kusini, pwani ya Karibi ya Nicaragua, Honduras, Suriname, Jamaika na visiwa jirani. Mtu akikuuliza Mmoravian wa kawaida ni nani, jibu la haki ni mkulima wa Rungwe, Mbozi, Sikonge au Urambo, anayeimba kwa Kiswahili.

Takwimu hizi hazifanani popote unapozisoma, na kuna sababu. Sehemu moja huhesabu kila aliyebatizwa, watoto wakiwemo. Sehemu nyingine huhesabu wale tu wanaoshiriki Meza ya Bwana. Kuna sharika zinazomfuta mtu akishahama, na kuna zinazombakiza daftarini mpaka afe. Ndiyo maana sitawapa namba ya mwisho ya kila nchi. Picha kubwa ndiyo ya kuaminika, na picha hiyo inasema kanisa hili limehamia Afrika.

Lilitoka wapi? Wengi mmefundishwa kwenye kipaimara, kwa hiyo nitapita haraka. Jan Hus alichomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Mwaka 1457 wafuasi wa mafundisho yake walikusanyika kijijini Kunwald, Bohemia, wakaanza Umoja wa Ndugu, ambao ndio kanisa letu, miaka 60 kabla Martin Luther hajatoa hoja zake. Waliendelea kukua hadi vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, ambapo Waprotestanti wa Bohemia walishindwa. Baada ya hapo wakaambiwa wachague: kurudi kwenye kanisa la mfalme, yaani Katoliki, au kuondoka. Askofu wao Jan Amos Komenský, yule mwalimu mkubwa wa elimu ya watoto, aliishi maisha yake yaliyobaki ugenini na akafia Amsterdam mwaka 1670. Kwa karibu miaka mia moja huko Bohemia na Moravia kanisa hili halikuwa na jengo wala mkutano wa wazi. Lilikuwa majumbani, usiku, katika nyimbo ambazo bibi anamfundisha mjukuu.

Mwaka 1722 seremala mmoja, Christian David, aliwavusha wakimbizi wachache kutoka Moravia hadi Saksonia, kwenye ardhi ya kijana tajiri, Nikolaus von Zinzendorf. Tarehe 17 Juni mwaka huo wakakata mti wa kwanza wa kujengea. Hapo ndipo pakaitwa Herrnhut. Wakagombana sana, jambo ambalo watu hupenda kuliruka wanaposimulia, kwa sababu kila kundi lilikuja na desturi zake. Tarehe 13 Agosti 1727, katika ibada ya Meza ya Bwana pale Berthelsdorf, Roho Mtakatifu akawapatanisha. Mnaadhimisha siku hiyo kila mwaka. Maombi ya zamu waliyoyaanza baada ya hapo, saa kwa saa usiku na mchana, yaliendelea kwa miaka mia.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kuenea kunapoanzia. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwenye sherehe za kutawazwa kwa mfalme wa Denmark. Huko akakutana na mtu mweusi aliyeitwa Anton, mtumishi wa bwana mmoja wa Kidenmark, aliyeletwa kutoka kisiwa cha St. Thomas huko Karibi. Anton alimsimulia kwamba dada yake bado yuko kisiwani utumwani na anatamani kumjua Mungu, lakini hakuna wa kumfundisha. Baadaye Anton mwenyewe akafika Herrnhut na kusema hayo mbele ya watu. Tarehe 21 Agosti 1732, Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, wakaondoka kwa miguu kuelekea bandarini. Desemba walikuwa St. Thomas.

Vitabu vingi vinaanza na Dober na Nitschmann. Mimi nawaomba muanze na Anton. Aliyetutuma kwenda duniani alikuwa Mwafrika aliyeng'olewa kwao, akabeba habari za dada yake kichwani. Bila yeye kijiji kile cha watu mia chache kingebaki kijiji cha wacha Mungu wa Saksonia.

Na pale St. Thomas kazi ilibebwa na nani? Kulikuwa na mwanamke mmoja, Rebecca, aliyezaliwa mtumwa yapata mwaka 1718, akapata uhuru wake akiwa bado kijana. Alitembea kwenye njia za mashamba ya miwa jioni baada ya kazi, akiwafundisha wanawake watumwa kusoma na kuomba. Kwa ajili hiyo aliwekwa gerezani pamoja na mumewe. Baadaye alikwenda Ujerumani, akawa mjane, akaolewa na Christian Protten, mzaliwa wa Pwani ya Dhahabu mwenye mama Mwafrika na baba Mdenmark, na mwaka 1780 akafia Christiansborg, Accra ya leo. Karibi, Ulaya, Afrika Magharibi: maisha ya mtu mmoja. Ukiangalia ramani ya Wamoravian wa karne ya 18, unaangalia njia za watu kama Rebecca.

Lazima pia niseme jambo zito. Misheni ileile ya St. Thomas ilinunua shamba lililokuwa na watumwa, ikawatumikisha, ili kugharimia kazi ya Injili. Huko Salem, North Carolina, kanisa nalo lilimiliki watu. Waliwaita ndugu na dada ibadani, na kesho yake wakawaandika kwenye orodha ya mali. Hilo ni dhambi, na vijana mnatakiwa mlijue kutoka kwetu kabla hamjalisikia kwa mtu anayetaka kuwavunja moyo.

Baada ya St. Thomas mambo yalikwenda kasi. Greenland mwaka 1733. Suriname mwaka 1735. Jamaika mwaka 1754, Antigua mwaka 1756, Labrador mwaka 1771. Zinzendorf alipofariki mwaka 1760, zaidi ya wamisionari mia mbili walikuwa wameshatumwa. Kati yao wasomi walikuwa wachache. Walikuwa washonaji, wahunzi, wakulima, na walitarajiwa kujilisha kwa mikono yao.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Afrika Kusini, na nitakaa hapo kidogo. Georg Schmidt alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1737, akaenda kuishi na Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, mahali palipoitwa Baviaanskloof. Aliwabatiza watu watano. Watano tu! Wachungaji wa kanisa la Kiholanzi wakapinga, wakasema hana mamlaka ya kubatiza, na mwaka 1744 akalazimika kuondoka. Alikufa Ujerumani bila kurudi tena Afrika. Ukiandika takwimu za mwaka 1745 kwa Afrika Kusini, utaandika sifuri: hakuna mchungaji, hakuna kanisa, hakuna ushirika.

Mwaka 1792 wamisionari watatu wa Kimoravian wakaruhusiwa kurudi. Walipofika Baviaanskloof waliukuta mpea ambao Schmidt aliupanda, na wakapelekwa kwa mwanamke mzee, kipofu wa uzee, jina lake Vehettge, ambaye Schmidt alimbatiza akamwita Magdalena. Watu walimwita Lena. Alikuwa ameificha Agano Jipya ya Kiholanzi aliyopewa na Schmidt, imefungwa kwenye ngozi ya kondoo, na mwanamke mwingine mdogo kwake alikuwa akiwasomea wenzake. Karibu miaka 50 bila mchungaji, na Neno lilikuwa likisomwa. Mahali hapo pakaitwa Genadendal, na kutoka pale kanisa la Afrika Kusini likakua hadi leo lina makumi ya maelfu. Lena hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Alikuwepo.

Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kwa nini kanisa lililotangulia wengine wote namna hiyo limebaki dogo. Ni swali zuri, na sipendi jibu rahisi kwamba tulilala usingizi.

Zinzendorf hakutaka tuwe wengi. Alifundisha kwamba kazi ya mmisionari ni kuyakusanya malimbuko, yaani watu wachache kutoka kila taifa ambao Roho mwenyewe amewaandaa. Kubatiza umati aliona ni kumtangulia Bwana. Tena aliamini kuwa Mmoravian hana ruhusa ya kulivuruga kanisa la jirani. Huko Estonia na Latvia, kwa mfano, maelfu ya wakulima walikuwa wakikutana kwa namna ya Herrnhut, wakisoma na kuimba, lakini waliendelea kuwa Walutheri na wakahesabiwa huko. John Wesley alikutana na Wamoravian melini akielekea Georgia, akaona wakiimba wakati dhoruba inawapiga na yeye anatetemeka. Mei 1738, jijini London, moyo wake ukawaka katika kikundi kilichokuwa chini ya ushawishi wao. Leo Wamethodisti ni makumi ya mamilioni. Sisi tulibaki wadogo. Hata huko Greenland, baada ya miaka zaidi ya 160 ya kazi, mwaka 1900 Wamoravian walikabidhi sharika zao zote kwa Kanisa la Denmark, wakaondoka. Nani kati yetu leo angekubali kukabidhi? Mimi naona kulikuwa na utakatifu katika kutojihesabu kule. Naona pia kulikuwa na hatari, maana mtu anaweza kujivika unyenyekevu huku watu wake wanapotea.

Tanzania ikawa kinyume cha hayo yote, na ni vizuri tuelewe ilikuwaje.

Mwaka 1891 vijana wanne walitumwa kutoka Herrnhut kwenda kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mmoja wao Theodor Meyer. Walipitia mto Zambezi na Shire, wakapanda ziwa, wakaingia Unyakyusa. Mwenzao Häfner alikufa mapema. Waliobaki walianzisha kituo cha Rungwe mwaka huohuo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin nao walikuwa wakiingia wakati ule, basi wakakubaliana mpaka: Waberlin upande wa mashariki, Wamoravian upande wa magharibi. Makubaliano yale ndiyo yanayoeleza kwa nini hadi leo upande mmoja wa milima unakuta kijiji kizima ni Walutheri na upande wa pili kijiji kizima ni Wamoravian. Wanyakyusa hawakupiga kura. Waligawanywa.

Kaskazini, habari ilikuwa tofauti. Shirika la Misheni la London lilikuwa limefika Urambo kwa Mtemi Mirambo mwaka 1879. Kazi ilikuwa ngumu, vifo vilikuwa vingi, na mwaka 1898 wakawakabidhi Wamoravian kituo hicho. Kutoka Urambo kazi ikaenda Kitunda, Sikonge, Tabora. Kwa hiyo tulikuwa na maeneo mawili yaliyo mbali mno, Unyakyusa na Unyamwezi, na katikati yake msitu wa miombo, mbung'o na vijiji vilivyotawanyika. Misheni ilipanga kuyaunganisha. Vita ikawakatiza.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Upande wa kusini Waskoti waliokuwa Nyasaland walikuja kusaidia, upande wa Tabora Wadenmark wakafanya hivyo baadaye. Lakini siku kwa siku, Jumapili kwa Jumapili, aliyeongoza ibada alikuwa mwalimu wa shule ya kichaka au mwinjilisti wa hapohapo. Vita vya Pili vikaja, Wajerumani wakafungiwa tena. Mara mbili ndani ya miaka 30 kanisa liliondolewa viongozi wake wa kigeni, na mara zote mbili lilipohesabiwa baadaye lilikutwa limekua. Hilo mliweke moyoni. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa letu hapa nchini. Wale mnaosoma pale Mbeya kwenye chuo kikuu chenye jina lake mjue mnabeba jina la nani.

Msitu ule wa katikati nao hatimaye ulivukwa, na waliouvuka hawakutumwa na bodi yoyote. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta vibarua kutoka kusini na kutoka Unyamwezi, wakakutana mgodini. Reli ya kati ilikuwa imeshafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tumbaku ya Urambo ikawavuta wakulima kutoka kila upande. Wanyakyusa walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia kwa maelfu, na wakarudi, au hawakurudi. TAZARA ilipofunguliwa mwaka 1976, familia nzima iliweza kupanda treni Mbeya ikashuka Dar es Salaam. Wasukuma wakateremka na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu na Katavi. Mtu mmoja akipata chumba Temeke au Mbagala, Jumapili ya kwanza anatafuta wanaoimba kama kwao. Akikosa, wanakutana sebuleni. Wakiwa kumi wanaomba mwinjilisti. Ndivyo sharika za Dar es Salaam zilivyozaliwa, na ndivyo hatimaye likapatikana Jimbo la Mashariki. Majimbo ya Kusini, Kusini Magharibi, Magharibi, Rukwa, Ziwa Tanganyika, Kaskazini: yapitieni majina hayo polepole muone yanavyofuata barabara, reli na mifugo.

Na nje ya mipaka? Malawi, Zambia, Congo, Burundi, Rwanda, Kenya, Uganda: kazi ya Kimoravian katika nchi hizi ililelewa na majimbo ya Tanzania. Herrnhut haikuwatuma watu kwenda Zambia. Waliokwenda ni waliozaliwa Mbozi na Tunduma wenye mashangazi ng'ambo ya mpaka. Makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, yaliyowapokea wakimbizi wa Burundi kuanzia miaka ya 1970, yako katika eneo ambalo kanisa letu lilikuwa na mizizi ya muda mrefu. Mkimbizi aliyekaribishwa ibadani leo ndiye mwinjilisti wa kwao akirejea.

Mahali pengine duniani ni vivyo hivyo. Suriname ilipopata uhuru mwaka 1975, maelfu walihamia Uholanzi, na leo Wamoravian wa Amsterdam na Rotterdam wengi wao asili yao ni Suriname. Sharika za Uingereza zilipata uhai mpya kwa watu wa Jamaika na Antigua waliohamia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wamiskito wa Nicaragua walipokimbia vita miaka ya 1980 wakavuka mto kuingia Honduras, walivuka na vitabu vyao vya nyimbo. Wakati huohuo, vijiji vyetu vya zamani vinakuwa urithi wa dunia. Christiansfeld ya Denmark iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2015, na mwaka 2024 Herrnhut yenyewe, Bethlehem ya Pennsylvania na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini zikaongezwa. Nafurahi. Ni nyumba nzuri zilizojengwa kwa akili na ibada. Ila watalii watakaozitembelea watakuwa wengi kuliko waimbaji, na waimbaji wako hapa.

Sasa nirudi kwenu, maana sikuja kuwasomea historia tu.

Katika sharika zetu mtoto anabatizwa, anaandikwa. Anapata kipaimara, anaandikwa. Anaoa, anaandikwa. Anapohama, hakuna kinachoandikwa. Kijana anamaliza kidato cha nne Tukuyu, anaondoka na begi, anafika Dar es Salaam, Mwanza au Tunduma. Hana barua ya utambulisho. Huko aliko hakuna aliyeambiwa anakuja. Anakaa miezi, anaingia kanisa lililo karibu na geto lake, anapenda wanavyomjali, anabaki. Simlaumu, na silaumu kanisa lililompokea. Wamefanya kazi ambayo ilikuwa yetu. Lakini nyumbani jina lake bado limo daftarini, na kila mwaka katibu anamhesabu. Tunajua kwamba hatukuwa naye siku ya msiba, pale ndugu zake wanaposimama nje ya chumba cha maiti wakiulizana azikwe na kanisa gani.

Watangulizi wetu walikuwa na desturi moja ya kutusaidia. Kila mshirika aliandika maisha yake akiwa hai: alizaliwa wapi, alihamia wapi, Bwana alimkuta wapi, alianguka wapi. Siku ya maziko yake yaliposomwa, yalikuwa kwa maneno yake mwenyewe. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa Herrnhut, ya mabwana na ya wajakazi, ya Waafrika waliokombolewa na ya mafundi wa ngozi. Sisi nasi tunasoma wasifu wa marehemu kwenye kila msiba, na ni desturi nzuri. Lakini unaandikwa usiku wa manane na mpwa anayeulizia tarehe kwa simu. Vijana, kwa nini msikae na wazee wetu wakati bado wanazungumza? Muulizeni babu alifikaje Chunya, aliabudu wapi alipokuwa Kitwe, nani alimpokea. Andikeni kwa Kiswahili au kwa lugha yake. Mtakusanya historia ya kuenea kwa kanisa hili ambayo haimo kwenye kitabu chochote, na mtagundua kila mzee ana majina matatu manne ya watu waliompokea ugenini.

Wazee wa kanisa, nawaomba jambo dogo zaidi. Tuwe na ukurasa wa waliohama. Jina, alikokwenda, namba ya simu, jina la mwinjilisti wa huko. Akiondoka, barua iandikwe kabla ya basi, na simu ipigwe mbele yake, asikie mwenyewe akitajwa. Tuwe pia na ukurasa wa waliohamia, na kila Jumapili mtu mmoja awe na kazi ya kusimama mlangoni akiwatafuta. Na asiulize kwanza kabila. Ushirika wa mjini unaoendeshwa kama kikao cha watu wa wilaya moja hauwezi kumpokea Msukuma wa Katavi wala Mkongo wa Uvira, hata kama kibao cha nje kimeandikwa Moravian.

Kwa wale mnaojiandaa kwenda vyuoni mwezi ujao na kwa wale mnaotafuta kazi Ghuba au Ulaya, ninyi msione kwamba mnaliacha kanisa. Mnakwenda kama alivyokwenda Rebecca. Mkikuta ushirika, jitambulisheni siku ya kwanza, msisubiri kutafutwa. Msipoukuta, mkiwa wawili watatu kaeni, fungueni maneno ya siku, yale ambayo kanisa letu limekuwa likiyachapisha kila mwaka tangu 1731, msome, mwimbe, kisha mtutumie ujumbe kwamba mpo. Sisi tutajua cha kufanya.

Nimeongea na katibu wa ushirika kabla ya kupanda hapa. Daftari jipya lipo mezani kule nyuma, na baada ya baraka atabaki hapo mpaka mtu wa mwisho. Mwenye mtoto, ndugu au mpangaji aliyehama tangu Januari, apite akamwandikishe. Mchungaji, nakurudishia nafasi. Nadhani vijana wana maswali.